Mbwa Aliyeogopa Hodi

Nilianza kwenda kwenye boma la mbwa kwa sababu ya mifupa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye bucha moja ya Westlands, kupasua mifupa na kumwagia sakafu maji, na kila Jumamosi mchana mwenye bucha alinituma nipeleke gunia la mabaki kwa mama mmoja wa Kizungu aliyeokota mbwa. Boma lilikuwa kwenye mteremko ukishaipita Kangemi, kabla hujafika Kinoo: vibanda vya mabati na wavu, tangi la maji, jiko la mabati, na ua wa michongoma kuzunguka kote. Siku ya kwanza niliingia nimebeba gunia, nikajikuta nimebeba mtoto wa mbwa mwenye upele, namshikilia apakwe dawa. Basi, nikawa mtu wa kule.

"Wanakulipa?" wenzangu wa bucha waliniuliza.

"Hapana, ni kujitolea."

"Kujitolea kwa mbwa! Na sisi binadamu tuna kosa gani? Njoo ujitolee kwangu, nina nguo za kufua."

Nilicheka nao. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini kuota nilikuwa naota kama mtu wa chuo kikuu. Niliota nina shamba kwetu magharibi, limejaa mbwa wasio na mwenyewe, kila mmoja na blanketi lake, na mimi napita asubuhi nikiwasalimia kama mwalimu mkuu gwarideni.

Watu wa boma hawakuwa wengi. Kulikuwa na huyo mama wa Kizungu, mjane aliyekuwa nesi zamani, tuliyemwita Memsaab. Na kulikuwa na Mama wa Kinoo, mkulima mwenye shamba lake na nyumba iliyojaa watoto na wajukuu. Yeye alipika ugali wa mbwa. Alikuja kwa sababu Memsaab aliwahi kumuuguza mtoto wake akapona, si kwa mapenzi ya mbwa, maana mbwa aliwaogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alipika mlango wa jiko ukiwa na komeo, halafu akatusukumia sufuria dirishani.

"Wewe Mluhya," aliniambia tulipojuana, "ungekuja kuchunga kuku ningeelewa. Mbwa unataka nini nayo?"

"Mama, kuku namla. Siwezi kuwa rafiki wa kitu ninachokula."

"Ngai! Basi siku ukikosa kuku, hawa watatoroka."

Mbwa waliitwa kwa mahali walipookotwa. Kulikuwa na Ngara, Kabete, Parklands, na mmoja mdogo mwenye jicho moja aliyeitwa Stesheni. Na siku moja kabla ya mvua akaletwa Hurlingham.

Tulimchukua mimi na Memsaab kwa pikapu yake. Wenye nyumba walikuwa wamerudi kwao ng'ambo, nyumba ikabaki tupu, na mbwa akabaki amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya geti. Sijui alikuwa anakunywa nini. Alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, mbavu zinahesabika, na mnyororo ulikuwa umeingia ndani ya nyama ya shingo mpaka funza wakafanya kijiji. Tulipomtupia blanketi hakubweka. Hicho ndicho kilichonitisha. Mbwa anayebweka anakuambia habari yake. Huyu alinyamaza tu, akatuangalia.

Shingo ilipona polepole, kwa maji ya chumvi na dawa ya zambarau. Tulimpaka dawa kwa kijiti kirefu kupitia wavu, na chakula tulisukuma chini ya mlango. Hakututia meno hata siku moja. Memsaab alisema kwa Kiswahili chake, "Hii mbwa hapana baya. Yeye naogopa tu." Nikamwamini, na ndani yangu nikampangia blanketi kwenye shamba langu la ndoto.

Asubuhi moja nikaona wakati umefika wa kuingia ndani kwake. Nilikuwa na sufuria ya ugali na matumbo mkono mmoja, mkono wa pili nafungua komeo. Sasa, mimi nililelewa kwetu, na kwetu hata ukiingia jikoni kwa mamako mzazi unabisha. Mtoto anayeingia kimya anaulizwa kama yeye ni paka. Kwa hiyo nilifungua mlango wa kibanda, nikatia mguu ndani, nikasema kwa sauti ya furaha kabisa:

"Hodi!"

Sikuona akiruka. Niliona sufuria iko hewani, halafu niliona meno yamezama ndani ya mkono wangu, chini ya kiwiko, na macho yake yako karibu na yangu, na hayakuwa macho ya mbwa niliyemjua. Nilipiga kelele ambayo nasikia aibu nayo mpaka leo. Memsaab alikuja na ndoo ya maji akammwagia, mbwa akaniachia, nikaburutwa nje kwa shati. Mama wa Kinoo aliona yote kupitia dirisha lake na hakutoka. Baadaye aliniambia miguu yake ilikataa.

Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji ya moto mpaka nikalia upya, kisha nikapelekwa hospitali mjini. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mbwa alichokozwa?"

"Hapana, daktari. Nilimsalimia."

Akaacha kuandika. "Mbwa anayeuma mtu bila sababu, kwanza tunafikiria kichaa. Utaanza sindano za tumbo. Mbwa afungiwe na aangaliwe. Akianza kutokwa mate, akikataa maji, akifa, unakuja hapa mbio. Ugonjwa huo ukishaanza ndani ya mtu, hakuna dawa."

Hakuna dawa. Nilitembea na maneno hayo kutoka hospitali mpaka Kangemi. Nilikuwa nimesikia habari za mtu wa kwetu aliyekufa hivyo, amefungwa kamba kitandani, akiletewa kikombe cha maji anapiga mayowe kama ameletewa nyoka. Kwa hiyo jioni chumbani mwangu nilijaza kikombe, nikakiweka mezani, nikaketi nikakiangalia. Je, naogopa? Nilihisi naogopa. Lakini je, naogopa maji, au naogopa kuogopa maji? Nikayanywa yote kwa pupa, nikajaza tena. Jirani yangu aliniuliza kama nimekula samaki wa chumvi.

Memsaab aliniita. Alikuwa amekonda uso.

"Wewe nasikia mimi vizuri. Daktari ya ng'ombe nakuja, nalaza hii mbwa, nakata kichwa, napeleka maabara ya Kabete. Wao naangalia ubongo. Upesi wewe najua. Ama sisi nangoja. Mkono ni yako. Wewe nasema."

Kulaza, kwa lugha ya boma, ni sindano ya mwisho. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nadhani ni kumtandikia mbwa.

Ningesema ndiyo, usiku wangu ungekuwa mwepesi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikuna. Hurlingham alikuwa anakunywa maji, alikula, na alipakwa dawa kimya kama mgonjwa mzuri. Aliruka mara moja tu, na aliruka nilipofungua mdomo. Nikamwambia Memsaab tungoje.

Nilikwenda kwenye ile nyumba ya Hurlingham kwa miguu. Geti lilikuwa na kibao cha MBWA KALI, na nyuma yake nyumba imefungwa madirisha yote. Nilisimama pale nikitaka kubisha, na neno likakataa kutoka. Nilijua mbwa hayupo, mimi ndiye niliyemchukua, lakini mkono ulianza kupwita ndani ya bandeji. Mwishowe nilikohoa. Mzee mmoja akatokea upande wa nyuma amevaa koti la jeshi lililochoka, ndiye aliyeitwa tena kulinda nyumba baada ya sisi kumchukua mbwa. Nilipofungua kinywa tu akajua natoka wapi.

"Omwana wefwe! Mtoto wa kwetu! Unakohoa kwa geti ya watu kama mwizi, kwani hujui hodi?"

"Mzee, hiyo hodi ndiyo imenileta."

Tuliketi kwenye ngazi za jikoni, nikamwonyesha mkono. Akaugeuza huku na huku kama anayechagua kiazi sokoni.

"Aliuma vizuri," akasema. "Tulimfundisha vizuri."

"Mlimfundisha nini?"

"Siku hizo wezi walikuwa na adabu. Wanakuja wanasema hodi, hodi jirani, unafungua, wanaingia na panga. Sasa bwana mwenye nyumba akasema anataka mbwa wa kuua hodi. Mimi nasimama nje ya geti, nasema hodi. Mtunza bustani amejifunika gunia yuko ndani, anampiga mbwa na fimbo. Nasema tena, anampiga tena. Kila siku, mpaka mbwa akisikia hodi hangoji fimbo."

"Na wageni wa nyumba?"

"Wageni walikuwa na kengele hapo, unaona? Wanabonyeza. Hodi ilikuwa yetu sisi."

Nilimuuliza tu, kwa ujinga, ni nani aliyekuwa anajibu karibu.

Akacheka, akanipiga begani. "Karibu? Hapa? Jibu lilikuwa mbwa."

Nilirudi na habari hiyo nikiwa nusu na furaha, maana kama ni fimbo basi si kichaa. Nusu nyingine ilisema mbwa anaweza kuwa na fimbo na kichaa pia. Niliendelea na sindano, tumbo limevimba kama la mtoto wa minyoo, na kila asubuhi kabla ya kazi nilipita bomani kumwangalia akinywa. Nilichuchumaa mbali, nikasikiliza ulimi wake ukipiga maji. Nikichelewa kuusikia, nilisogea karibu zaidi na wavu. Siku za kuangaliwa zikaisha, mbwa mzima, daktari wa mjini akanisimamishia sindano. Nilinunua mandazi nikala njiani nikiimba.

Furaha hiyo haikukaa. Daktari wa mifugo, kijana aliyefunga tai hata akija kushika mbwa wenye kupe, alifika kwa zamu yake ya mwezi akasikiliza hadithi yote kwa makini.

"Nakubali hana kichaa," akasema. "Lakini fikirieni. Neno hili linasemwa kwenye kila mlango wa mji huu. Mtoto anatumwa chumvi kwa jirani, anasema hodi. Mbwa huyu ataishi wapi?"

Akafunga begi lake.

"Nitarudi mwezi ujao. Kama bado yuko hivi, itabidi tumlaze. Na huko si kumwonea."

Ndipo tukaanza. Wazo letu lilikuwa rahisi: hodi iliyoleta fimbo, sasa ilete mfupa. Nilisimama mbali kando ya tangi, nikanong'ona hodi, nikatupa mfupa mzuri wa goti juu ya wavu. Mfupa haukuguswa. Hurlingham alirukia wavu, akauma nyaya mpaka ufizi ukatoka damu, akauma hewa, akazunguka akijitafuta mgongo kana kwamba aliyejifunika gunia yuko nyuma yake. Kesho yake tena, na kesho yake. Nilikuwa nabeba mifupa mizuri kabisa, wenzangu wa bucha wakaanza kuuliza kama nimeoa.

Kitu kingine kikatokea ambacho sikumwambia mtu. Neno lenyewe lilianza kuniuma mimi. Nilikuwa nimelala mchana wa Jumapili, jirani akabisha mlangoni, hodi, na kabla sijajua nilikuwa nimesimama juu ya kitanda nimekumbatia mkono wangu. Alitaka kiberiti tu. Nilimpa bila kumwangalia usoni. Nikafikiri: mimi nimeumwa mara moja na niko hivi. Yeye alipigwa kila siku.

Siku zilikuwa zinakwisha. Niliona Memsaab ameacha kumtazama Hurlingham anapopita, na nilijua maana yake, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa wale waliolazwa.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa kando ya tangi kama kawaida. Nilikuwa nimechoka, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hodi." Mbwa akarukia wavu. Nikangoja. "Hodi." Wavu ukalia kote. "Hodi," nikasema tena, na ilikuwa kama kulia.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya Mama wa Kinoo kutoka jikoni, na ilikuwa na hasira. Dirisha likafunguka, mwiko ukatokea kwanza. "Ala! Mtu anabisha hodi tangu juzi na hakuna wa kumjibu, kwani hapa ni makaburini? Karibu, karibu! Ingia, keti, kunywa chai, lakini nyamaza!"

Nilitaka kucheka, halafu nikaona mbwa. Alikuwa ametulia, miguu ya mbele ingali juu ya wavu. Amegeuza kichwa upande wa jiko, sikio moja limesimama. Alikuwa anasikiliza. Katika maisha yake yote hodi ilifuatwa na fimbo, na sasa imefuatwa na mama anayegomba.

"Mama," nikasema polepole, "tafadhali usifunge dirisha."

"Nini tena?"

"Nitasema hodi. Wewe jibu."

"Nina ugali motoni."

"Jibu tu kama unavyojibu kwako."

Nikasema. Akajibu. Mbwa alinguruma, nywele za mgongo zimesimama, lakini hakuruka, aliangalia jiko. Nikatupa mfupa. Hakuula. Aliunusa.

Kuanzia hapo Mama alijibu hodi zangu zote, akikoroga, akipepeta, akinitukana katikati. Nilisogea kutoka tangini hadi mlangoni. Halafu nikaingia. Siwezi kueleza mguu ule wa kwanza ndani ya kibanda. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo. Nilisema hodi kwa sauti isiyo yangu, Mama akajibu karibu kwa sauti isiyo yake, na Hurlingham akanitazama mkono, ule ule, akaupumulia pumzi ya moto. Kisha akalala chini. Nilitoka nikatapika nyuma ya tangi.

Daktari akarudi, amefunga tai, na begi lake. Nilijua kilichomo kwenye begi. Nikamweleza tulichofanya, akatikisa kichwa kwa kukubali, lakini akasema, "Siku nyingine wa kujibu hatakuwepo. Nataka nione hodi peke yake. Mfungueni. Mama, tafadhali, usijibu."

Memsaab akasimama kwenye mlango wa kibanda na ndoo yake ya maji. Mama akafunga dirisha, nikamwona nyuma ya kioo ameziba mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa katikati ya uwanja na Hurlingham, hana kamba. Daktari akatoka nje ya ua, geti likabaki wazi kiasi cha mtu mmoja kupita.

"Hodi."

Nywele za mgongo wa mbwa zikasimama kutoka shingoni mpaka mkiani. Akaangalia jiko. Jiko kimya.

"Hodi wenyewe."

Akaanza kwenda getini. Alikwenda kwa kunyata, tumbo karibu na ardhi, na mngurumo wake niliusikia kwenye meno yangu. Nilimwona daktari kupitia mwanya, mkono ameushusha, tai yake inapepea kidogo, na nikajua kwamba naye anaogopa.

"Hodi?"

Hurlingham akasimama. Akageuka, akaangalia jiko tena, halafu akaniangalia mimi. Hakuna aliyemjibia. Ghafla mkojo ukamtoka, pale pale, mbwa mkubwa namna ile, na akaja mbio, si kwa daktari, kwangu. Nikafumba macho. Nilichohisi ni kichwa chake kikiingia katikati ya magoti yangu, kwa nguvu, kama anayetafuta shimo. Alikuwa anatetemeka mpaka suruali yangu ikawa inatetemeka.

"Karibu!" Mama alishindwa kuvumilia, alikuwa amefungua mlango kabisa na komeo linaning'inia. "Karibu, daktari, ingia, mbona mnamtesa mtoto wa watu!"

Daktari akaingia. Alipita mbali, akaketi juu ya debe, akafuta paji la uso.

"Hajapona," akasema. "Lakini sitamlaza mbwa wa namna hii, kama kuna nyumba ambayo hodi hujibiwa wakati wote. Kuna nyumba kama hiyo?"

Memsaab alikuwa na mbwa wengine wengi wa kuangalia na masikio yaliyoanza kuzibika. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na kazi ya kutwa. Mbwa bado alikuwa ameegemeza kichwa magotini kwangu.

"Kwangu tuko wengi," Mama wa Kinoo akasema, akiangalia mwiko wake. "Nyumba haijawahi kukosa mtu. Hodi haijawahi kulala nje."

"Mama, wewe unaogopa mbwa," nikamwambia.

"Naogopa, ndiyo. Na yeye anaogopa. Tutaogopana."

Tulimpeleka jioni hiyo hiyo, kabla Mama hajabadilisha mawazo. Nilishika kamba upande huu wa barabara, yeye akatembea upande wa pili, malori ya Nakuru yakipita katikati yetu, na kila mara akipaza sauti, "Bado umemshika?" Nami, "Nimemshika, Mama." Kinoo watu walisimama kutuangalia.

Getini kwake akavuka akaja upande wetu, lakini si karibu. Ndani tulisikia watoto, sufuria, mtu akipasua kuni. Hawakujua tunakuja. Mbwa alikuwa anaangalia lile geti la mbao.

"Shika vizuri," Mama akaniambia.

Akavuta pumzi, akaita hodi kwenye geti lake mwenyewe. Nikaizungusha kamba mkononi mara mbili. Sauti zikajibu kutoka kila upande wa boma, za watoto na za wakubwa, zikigongana, karibu, karibu, na komeo likaanza kufunguliwa.